Kadi Nyekundu ya Baba

Ghala, Maskat
Jumanne asubuhi

Mama yangu kipenzi,

…na hapo ndipo simu ilipokatika, nikabaki nasema na ukuta wa jikoni. Ulikuwa umeniuliza lile swali lako, kama Baba ameshakula kwangu, nami nilikuwa nimeshafungua mdomo kukujibu. Nilikupigia tena na tena, sauti yako ikawa inakuja vipande vipande kama mtu anayesema ndani ya mtungi, nikaona basi, jambo hili halifai kwa vipande. Nitaliandika. Bi Noof, jirani yetu wa ghorofa ya juu, anasafiri kuja Unguja Ijumaa, na amekubali kukuletea barua hii pamoja na kopo la halwa na ubani wa Bibi.

Kwanza pokea salamu zangu, Mama, nyingi kuliko karatasi inavyoweza kubeba. U hali gani? Bibi naye, nyonga yake inaendeleaje? Ameanza kukanyaga chini? Sinan anasema asilazimishwe kutembea lakini pia asiachwe kulala kutwa. Akae kitini, anyanyue kisigino na kukishusha, huku anavuta uradi wake, ili miguu na ulimi vifanye kazi pamoja. Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi. Baridi ya Januari imetulia, hata mashine ya hewa tumeizima.

Mama, ndoa ni tamu. Naandika hivi na uso unaniwaka kwa haya, lakini nisipokwambia wewe nitamwambia nani? Nyumba yetu ni ndogo, chini yetu kuna gereji, na kutwa tunasikia nyundo na magari yanayokataa kuwaka. Lakini jioni nikisikia viatu vya Sinan vinapanda ngazi, nyundo zote zinanyamaza, au labda ni mimi ninayeacha kuzisikia. Juzi alinichukua Bustan; si hotelini, ile hoteli ni ya kuitazama tu, bali ufukweni upande wa kijiji. Tulikula mishkaki tumesimama. Akanifundisha kuhesabu kwa Kikurdi, nami nikamfundisha kusema "nakupenda," akalitamka kwa nguvu hata muuza mishkaki akamjibu kwamba amesikia, ahsante. Huwa namtazama tu, Mama. Anakoroga chai, namtazama. Anafunga kamba za viatu, namtazama. Shangazi Kheiria anasema nitapona.

Najua utamsomea Bibi barua hii kwa sauti, naye hakuwepo arusini, kwa hiyo naanzia mbali kidogo. Nisamehe kwa kukuhadithia unayoyajua.

Bibi, mume wangu ni Mkurdi, kwao ni Duhok, kaskazini ya Iraq. Wakurdi ni watu wenye lugha yao, ngoma zao na bendera yao yenye jua katikati, nao wametapakaa katika nchi kadhaa bila ya kuwa na moja iliyo yao peke yao. Lakini wana timu ya mpira. Timu hiyo haimo katika shirika kubwa la mpira la dunia, haiwezi kucheza lile kombe unaloliona kwenye televisheni. Hucheza na timu nyengine zilizo kama yenyewe, za watu wenye jina na wimbo lakini wasio na kiti. Siku ya kwanza Sinan alipoanza kazi ya kunyoosha viungo vya wagonjwa kwenye kliniki yetu, mimi nikiwa mapokezi, alinisikia nasema simuni akaniuliza ni lugha gani. Nikamwambia ni Kiswahili, wazee wangu wametoka Zanzibar. Aliniangalia kama niliyemwambia nimeshuka kutoka mwezini. Akasema alipokuwa skuli aliwahi kuiona timu ya Zanzibar kwa macho yake, ilikwenda kwao kucheza mashindano hayo ya wasio na kiti, naye na wenzake walipanda juu ya ukuta ili waione. Nani mwengine hapa Maskat angeweza kuniambia maneno hayo? Mimi hapo hapo nilikwisha.

Baba hakukwisha. Sinan alipokuja kuposa, Baba alimuuliza anatoka wapi, akajibu Kurdistan. Baba akaomba kuiona pasi. Pasi ikasema Iraq. Baba akairudisha mezani taratibu, akasema mtu asiyekubali kilichoandikwa kwenye pasi yake leo, kesho hatakubali kilichoandikwa kwenye nikaha. Wewe ulimkumbusha kwa upole kwamba hata yeye mwenyewe akiulizwa swali hilo huanza kujibu kutokea Unguja. Shangazi Kheiria hakuwa na upole wowote. Alimwambia, "Asaad, na wewe ukiota, unaota kwa pasi gani?" Baba akasema hayo ni mengine.

Ndiye Baba yangu huyo, ameishi kwa kanuni. Miaka yote ile ya urefa wa mpira imemwingia mwilini, na cheti chake kimetundikwa sebuleni juu kuliko picha ya arusi yenu. Alinioza kwa sababu wewe ulilia na mimi nililia. Aliutia mkono wake katika mkono wa Sinan msikitini kama inavyotakiwa. Lakini kwenye walima hakugusa hata punje, na alisema mbele ya wageni kwamba amenioza, ila chakula cha nyumba ya Sinan hakitapita kooni mwake mpaka ajue huyu ni mtu wa kanuni gani. Ukasafiri kwenda kwa Bibi na neno hilo kifuani. Kiwanja cha ndege ulinishika shavu ukanambia hutaki zawadi wala picha. Unataka ukirudi ukute Baba ameshakula kwangu.

Basi sikiliza, Mama.

Timu ya Wakurdi ilikuja hapa kufanya mazoezi, wachezaji wengine kutoka Arbil, wengine kutoka Ujerumani na Sweden walikozaliwa. Mwisho wa mwezi huu wana mechi kubwa Ulaya dhidi ya timu nyengine ya wasio na kiti. Na Sinan wakamwita! Si kumwita tu, walimpa unahodha. Ana miaka thelathini na ushei, umri ambao wenzake wanaanza kuweka viatu vyao juu ya kabati, na jezi hiyo ameingoja tangu pale juu ya ukuta. Siku alipopata simu alikaa kwenye ngazi za gereji ameshika kichwa, nikadhani kwao kuna msiba.

Walitaka mechi ya kujipima kabla ya kuondoka. Timu zilizosajiliwa kila moja ilikuwa na udhuru wake, nami sheria za mambo hayo sizijui, ila Talal akasema timu ya mtaa wetu wa Mabela itacheza. Kaka yangu huyo ndiye nahodha wao, kama anavyoukumbusha ulimwengu kila siku. Wiki nzima alikuwa akimchokoza Sinan. Alimwambia, "Shemeji, nyumbani nimekupa dada, uwanjani sikupi hata kona." Sinan akamjibu kwamba dada hakupewa na yeye, alipewa na Mungu, na kona atazichukua mwenyewe.

Alasiri ya mechi uwanja ulijaa. Wakurdi wanaofanya kazi Suhar walikuja kwa basi, wengine walitoka Dubai na wake zao waliovaa magauni marefu ya kumeremeta, hata mimi na baibui langu jipya nikajiona kama pazia. Shangazi Kheiria alikuja na viti viwili vya plastiki, chupa ya chai na ulimi wake. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa refa. Aliyekuwa ametegemewa alipiga simu akasema tumbo linamuuma. Talal alisema tumbo hilo jina lake ni leseni, anaogopa kunyang'anywa. Basi meneja wa Wakurdi, Kaka Rebwar, bwana mmoja mnene mwenye hasira za karibu, akatangaza kwamba filimbi atapiga mwenyewe.

Hapo Talal akatoweka. Nyumbani kwa Baba ni mitaa miwili tu kutoka uwanjani, unajua. Alimkuta Baba anamwagilia mndimu. Hakumwomba kitu. Alimwambia tu, kama habari ya kupita, kwamba leo meneja wa timu moja ndiye atakayechezesha. Baba akafunga mfereji. Akasema meneja kuchezesha timu yake si mechi, ni ugomvi unaosubiri saa. Talal akamkumbusha kwamba timu yenyewe ni ya Wakurdi, na nahodha wake ni nani. Baba akasema hata iwe timu ya majini, mechi ina refa. Akaja, Mama. Akaja na nguo zake nyeusi zilizopigwa pasi, soksi mpaka magotini, na kile kikoba ulichomwambia mara ngapi akitupe.

Aliwaita manahodha katikati, mwanawe na mkwewe. Tulikuwa karibu, tukasikia. Aliwaambia kwamba ndani ya mistari ile hana mtoto wala mkwe, ana namba za jezi tu. Kisha akakagua viatu, kucha, na mikono. Akaiona pete ya Sinan, ile ya fedha niliyomvisha mimi. Akasema pete ivuliwe. Ikagoma. Sinan akavuta, Talal akavuta, golikipa akaleta sabuni, na Talal akapaza sauti kwamba Wallahi dada yake amempigilia msumari. Ilipotoka, Sinan aliikimbiza mpaka kwenye kiti changu akanitilia kiganjani mbele ya watu wote. Shangazi akanambia nifunge mdomo, nzi wataingia.

Sasa nakuja kwenye lile ambalo hata leo silisahau.

Ulipofika wakati wa wimbo wao, spika ilikoroma kidogo ikafa. Vijana wakaipigapiga, haikufufuka. Nikadhani wataacha. Kisha nyuma yetu mzee mmoja wa Kikurdi, mwenye suruali pana na kitambaa kirefu kiunoni, akaanza kuimba peke yake kwa sauti ya kukwaruza. Wachezaji wakamfuata. Wakafuata wale wa basi la Suhar, na wanawake wenye magauni, na wale vijana waliozaliwa Ulaya ambao lugha yenyewe wanaisema kwa kujikwaa. Hapakuwa na ala, hapakuwa na chochote ila vifua vya watu. Na huu, Mama, ni uwanja wa mtaa. Upande mmoja kibanda cha karaki, ile chai ya maziwa, upande mwengine nyumba zisizokwisha kujengwa. Lakini waliimba kana kwamba dunia nzima imesimama kuwasikiliza, na Wallahi ilisimama. Mafundi wa Kibangali kwenye nyumba ile waliweka ndoo chini. Vijana wetu wa Mabela, ambao hawajawahi kunyamaza hata kwa hotuba ya Ijumaa, walinyamaza. Nilimtazama mume wangu. Alikuwa amefumba macho, mishipa ya shingo imemtoka, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba nimeolewa na mtu asiyeenea kwenye mlango wa nyumba yetu. Nilikuwa nimempenda kama anavyopendwa mtu mmoja. Siku ile niliona kwamba ndani yake mna umati.

Baba alikuwa amesimama katikati, mpira kwapani, amenyooka kama mwanajeshi. Wimbo ukaisha. Hakupiga filimbi. Watu wakangoja. Hakupiga. Shangazi Kheiria akaanza kuuliza kwa sauti kubwa kama filimbi ya Asaad imeingia mdudu, ndipo alipopiga.

Mechi yenyewe sitakueleza yote, wewe mpira unakupa usingizi. Mabela walifunga mwanzo, Wakurdi wakarudisha. Kabla ya mapumziko Talal aligongwa mguu akaanguka akapiga kelele kama anayezaa. Sinan alisahau kwamba yeye ni mchezaji; alikimbia nje ya uwanja, akachukua barafu kutoka kwenye sanduku la kibanda cha karaki, akarudi nayo, akapiga magoti akamkanda. Kila mtu akapiga makofi. Baba akatoa kadi ya njano. Kutoka uwanjani na kurudi bila ya ruhusa ya refa, Mama, ni njano. Shangazi alisimama juu ya kiti akauliza kama mwanamume huyu amezaliwa na mama mmoja na yeye au aliokotwa. Sinan akaikubali kwa kichwa, akaendelea kukanda.

Kipindi cha pili, karibu na mwisho, ikapigwa kona. Nilimwona akipaa, Mama. Sijui watu wanapaaje hivyo. Mpira uliingia, wavu ukatetemeka, na yeye akaja mbio upande wetu, upande wangu, akaishika jezi akaifunua mpaka juu ya kichwa. Ndani alikuwa amevaa fulana nyeupe, na kifuani pameandikwa WADHA kwa nyuzi nyekundu, kijani na manjano. Jina langu! Mbele ya Mabela yote! Wanawake wa Kikurdi wakapiga vigelegele, wa kwetu wakajibu, nami nikataka ardhi inimeze na papo hapo inirudishe nje nisikose kuona.

Ndipo filimbi ilipolia. Sikuitambua mara moja. Baba alikuwa anakuja anatembea, hakimbii, mkono uko mfukoni. Kuvua jezi kwa furaha ni njano. Akaitoa. Kisha, kwa kuwa ilikuwa ya pili, akatoa nyekundu, akainyanyua juu kabisa.

Vigelegele vilikatika kama uzi. Baba yangu amemtoa mume wangu uwanjani kwa sababu ya jina langu. Kaka Rebwar aliingia ndani mikono hewani, akapiga kelele kwamba nchi hawana, kiti hawana, na sasa hata nahodha wananyang'anywa na baba mkwe mwenye kisasi. Wachezaji wakamzunguka Baba. Wale wa basi wakaanza kusukuma uzio. Nikaona kila kitu kinavunjika pale pale, mechi, ndoa yangu, na lile neno lako la kiwanja cha ndege.

Sinan aliwatawanya mmoja mmoja, kwa mikono, akisema nao kwa Kikurdi. Akavua kitambaa cha unahodha akamfunga mwenzake mkononi. Akamwinamia Baba kidogo, kama tunavyowainamia wazee, akatoka. Hakukaa hata kwenye benchi, maana aliyetolewa haruhusiwi. Alikwenda kukaa ndani ya gari yetu, amefunga mlango. Mechi ikaendelea. Wakiwa pungufu walizidiwa, Talal akafunga bao, ikaisha mbili kwa mbili. Talal hakushangilia. Hilo peke yake ni muujiza wa kuandikiwa barua.

Watu walipopungua, Baba alikuwa amekaa ukingoni mwa buti la gari yake anafungua viatu. Mimi na Shangazi tulikuwa tunabeba viti. Sinan akashuka kwenye gari, akamwendea. Alimsalimia, akamwita Ammi, yaani ami yangu, kama kawaida yake, akamuuliza adhabu yake ni mechi ngapi.

Baba alidhani anafanyiwa kejeli. Alimwambia akakiulize chama chake. Sinan akasema hawana chama kinachotambuliwa cha kumwambia hivyo, hawana kamati, hakuna mtu atakayemwandikia. Kilichokuwepo ni refa, na ndiyo maana anamuuliza refa. Kaka Rebwar aliyasikia hayo akaja mbio. Alisema hii ilikuwa mechi ya kujipima, kadi yake haihesabiwi popote duniani, nani atajua? Na mechi ijayo ndiyo ile ya Ulaya, ndiyo aliyoingoja umri wake wote, amepatwa na wazimu? Sinan akasema anajua ni mechi gani. Usidhani lilikuwa jambo jepesi, Mama. Kisha akasema maneno ambayo nimeyaweka moyoni nitawapa watoto wangu. Alisema kila siku wanaiomba dunia iwahesabu, na watahesabiwaje iwapo wenyewe hawahesabu kadi zao?

Baba alibaki na kiatu kimoja mkononi. Akasema, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba njano mbili ni mechi moja. Sinan akasema, "Hadhir, Ammi," yaani amesikia na ametii. Akageuka.

Njiani kurudi nyumbani kwetu Ghala alisimamisha gari pembeni mwa barabara akalia. Nilimshika kichwa. Nilikuwa namwona tu, huyu mtu ambaye hapana mkono wowote duniani uliomlazimisha, amejilazimisha mwenyewe. Siku ya pili alimpigia Kaka Rebwar, akamwambia rasmi kwamba hasafiri. Jezi aliikunja akaiweka juu ya kabati.

Ijumaa, baada ya sala, mlango ukagongwa. Nilidhani ni mtu wa gesi. Alikuwa Baba, kanzu nyeupe, kofia, na mkebe wa tende. Alikaa, akautazama ukuta, akasikiliza nyundo za gereji, akauliza, "Leo mmepika nini?"

Baba yangu huyo huyo, Mama!

Siku hiyo alikuwa amepika Sinan, majani ya mzabibu yaliyojazwa wali na nyama, chakula cha kwao. Nilitandika busati, nikaleta sinia. Baba akasema bismillahi. Kabla ya kutia tonge alimgeukia Sinan, akamwambia kwamba katika maisha yake ametoa watu wengi sana uwanjani, na hapana hata mmoja aliyemfuata kumuuliza adhabu yake. Wote walimfuata kumtajia mama yake. Akasema siku ya posa alimuuliza juu ya pasi, na swali lile lilikuwa la mtu mwenye hofu, si la mtu mwenye akili, kwa sababu amewahi kuiacha nchi aliyoipenda na hakutaka binti yake apendane na mtu mwenye kidonda kama hicho. Sinan alimsogezea sinia tu.

Na Baba akala. Amekula, Mama! Alikula la kwanza, akatafuna, akasema chumvi imepungua, akachukua la pili, na la tatu, akamwambia Sinan "mwanangu, nipasie limau." Nilikimbilia jikoni nikajifunika kitambaa usoni nikalia mpaka chai ikafurika jikoni. Hilo ndilo jibu la swali lako. Ungelipataje kwa simu?

Sasa lipo jambo moja ambalo halijui mtu isipokuwa mimi na Sinan, nalo nakuungamia wewe kwa sababu siwezi tena kulibeba. Ile fulana niliitarizi mimi. Zile siku za mwisho kabla ya arusi, ulipokuwa ukiniona nimeinama na sindano ukanisifu kwamba namshonea mchumba kofia kama ulivyomshonea Baba, nilikuwa nashona jina langu. Kofia aliyoivaa siku ya nikaha tuliinunua Matrah. Na mimi ndiye niliyemwomba Sinan kwamba akifunga bao, aniangalie, aifunue jezi, nijione. Alinambia ni njano. Nikamwambia njano moja ni nini mbele ya mapenzi? Mimi, binti wa refa, niliyelelewa na kanuni hizo tangu natambaa! Ile ya barafu hatukuitarajia. Pale alipofunga, nilimwona amesita, mkono uko kwenye jezi, ananitazama. Nami, Mama, nilimwashiria kwa kichwa. Nilikuwa nimesahau kabisa ile ya kwanza. Kwa hiyo mechi ya umri wake ameikosa kwa ajili yangu, na si Baba wala Kaka Rebwar, hakuna aliyemsikia akinitaja. Nikimwambia nitakwenda kusema, ananijibu kwamba aliyevaa ni yeye na aliyevua ni yeye. Nataka nimwambie Baba kwa mdomo wangu, lakini nataka nimwambie ukiwa umekaa kati yetu. Mbele yako hatoi kadi.

Na hilo halitachukua muda. Sinan alikuwa ameshaomba likizo kazini kwa ajili ya Ulaya, na likizo haikunjwi ikawekwa juu ya kabati. Basi tunakuja Unguja, akamkande Bibi nyonga kwa mikono yake, na siku ya mechi aitazame kwenye simu hapo barazani kwenu, avumilie kama mwanamume. Baba naye amekata tiketi. Anasema anakuja kwa kazi rasmi, kuhakikisha adhabu inatumikiwa, lakini Shangazi Kheiria amemwona dukani akikununulia udi.

Nisalimie Bibi, umbusu mikono yake. Nisalimie majirani wote walioniombea. Talal anakusalimu, anasema lile bao lake lilikuwa zuri ingawa hakuna anayetaka kulizungumza. Sinan anakusalimu, na ameniomba niandike kwa Kiswahili chake mwenyewe: Mama, nakupenda.

Weka magodoro tayari. Kabla mwezi mwengine haujaandama, utatusikia mlangoni tunapiga hodi, sote watatu.

Mwanao akupendaye,
Wadha